Siku Shemeji Alipokata Kona

Tangu asubuhi jirani anapunguza matawi ya mti wake, yale yaliyoinamia paa, na harufu imejaa uani kwangu. Harufu ya jani bichi lililovunjwa, ile yenye ukali unaopanda puani kama umetafuna kijiti. Nimefunga dirisha, haikusaidia kitu. Mke wangu kanikuta nimesimama katikati ya chumba, akauliza, "Kiwiko tena?" Ndipo nikagundua kwamba kweli nilikuwa nimekishika.

Basi leo niiandike habari ya kiwiko hiki. Kila mara naigusia juu juu, na huku nyuma kaka wa mke wangu, Shemeji, anaisimulia kwa watu kwa namna yake, namna ambayo mwenye akili ni yeye.

Tulikuwa na kilomita 46 za kurudi nyumbani kwa baiskeli, mimi na Shemeji, na tangazo la hali ya hewa lilikuwa limetukuta usiku: upepo mkali kuanzia jioni. Hesabu haikuwa ngumu. Tukitoka saa mbili asubuhi, hata kwa mwendo wa bibi harusi, saa saba tuko mlangoni.

Tulitoka saa tano. Kosa ni langu, sikatai, ila naomba nisikilizwe. Nilikuwa najiandaa.

Nilivua madigadi ya Bi Mkubwa, baiskeli yangu, yote mawili, maana wakati ule yalikuwa bado yale ya bati, na bati likipigwa na upepo wa ubavuni hupayuka kwanza, kisha huanza kugusa tairi. Nikang'oa kikapu cha mbele. Kikapu juu ya usukani ni kuupa upepo mpini wa kukushikia. Mizigo nikaipanga upya, vizito chini kabisa karibu na ekseli ya nyuma, hakuna kinachotokeza pembeni, mipira ya kufungia imekazwa mpaka inalia ukiigusa. Koti langu la mvua nalipenda, lakini ni pana, na koti pana likikutana na dhoruba linageuka tanga. Nikavaa lile la kubana ambalo halizuii mvua yoyote. Mikanda ya begi nikaikunja na kuifunga kwa uzi mmoja mmoja, kwa sababu mkanda unaopeperuka huzitafuta spoku kana kwamba umetumwa. Miwani ya vumbi. Taa mbele na nyuma, mchana kweupe, maana vumbi likitimka dereva haoni mtu. Mwisho nikateremsha kiti vidole viwili, ili miguu iwahi chini nikisukumwa.

Muda wote huo Shemeji alikuwa amekaa kwenye keria ya baiskeli yake. Maandalizi yake yalichukua dakika tatu: alivua kapelo, akavaa helmeti.

"Shem," akaniambia, "upepo utafika utukute bado tunauandalia."

Nilicheka. Na nilikuwa na jibu, nililisoma kwenye simu: kilomita 40 kwa saa, kuanzia saa kumi na moja. Arobaini tunaiweza. Pembeni ya hiyo 40 kulikuwa na namba nyingine, 70, kwa maandishi membamba, nami nikaichukulia kama zile namba zinazowekwa kwa ajili ya wataalamu. Leo najua. Ile kubwa ya kwanza ni wastani, upepo uliopimwa mita kumi juu ya ardhi na kugawanywa kwa dakika kadhaa. Hiyo nyembamba ndiyo dharuba, mpigo wa sekunde chache. Wastani hauangushi mtu. Mtu anaangushwa na zile sekunde chache.

Saa moja ya kwanza upepo ulikuwa mwanana na wa mbele. Wenyewe mabaharia huuita upepo wa omo, na wana dawa yake: wanabisha, chombo kinakwenda mshazari huku, kinageuka, kinakwenda mshazari kule, mpaka kinafika. Mwendesha baiskeli barabarani hana pa kubisha. Anameza tu. Na upepo wa mbele hauhesabiwi kama mzigo wa kawaida, kwamba umeongezewa kilo mbili basi utatoa jasho la kilo mbili. Ukienda 20 siku ya utulivu, unakutana na hewa ya 20. Ukilazimisha 20 hizo hizo dhidi ya upepo wa 40, hewa inayokupiga kifuani ni ya 60, mara tatu, lakini nguvu yake ni mara tisa. Ndiyo maana hulazimishi. Unashuka mpaka gia ya mwisho, unainama mpaka kidevu kinakaribia kugusa usukani, na unaanza kuhesabu nguzo za umeme. Mimi nilihesabu mpaka mia na kitu. Shemeji alikuwa ananisaidia, tukipokezana, mmoja anakata upepo mwingine anajificha mgongoni mwake, na lazima niseme ukweli kwamba zamu zake zilikuwa ndefu kuliko zangu.

Tulifika njia panda saa nane kasoro. Upepo ulikuwa umeshapanda, saa tatu kabla ya ahadi yake. Nakumbuka nilivuta pumzi, nikamwambia hewa inanukia vizuri, kama shamba lililotoka kupaliliwa. Kumbukeni hilo.

Pale njia zinagawanyika. Moja inapanda juu ya tuta, nyeupe, imenyooka, inakufikisha. Nyingine inazunguka chini katikati ya vilima na nyumba, kilomita tisa zaidi, chini ya miti mikubwa karibu njia nzima.

"Twende ya chini," Shemeji akasema. Ilibidi apige kelele.

"Ya chini ina miti!"

"Na ya juu ina malori!"

"Mti ukikuangukia huamki!"

"Mti umesimama, Shem! Lori linakufuata!"

"Leo hausimami!"

Akaniangalia, kisha akaiangalia njia ya tutani, kisha akaniangalia tena namna ile ambayo dada yake naye anayo, mnaijua. Halafu akakata kona. Hakuaga. Nilisimama nikiamini atageuka, na nikiri kwamba nilisimama kwa muda mrefu kuliko hadhi yangu inavyoruhusu.

Nikapanda tutani peke yangu.

Kule juu barabara inageuka, kwa hiyo upepo niliokuwa naumeza kwa mbele sasa ulikuwa wa ubavuni, na ulikuwa unatoka upande wa katikati ya barabara. Yaani ulikuwa unanisukuma nje, kuelekea ukingoni. Dawa yake mwili unaijua wenyewe: unauegemea. Unalaza baiskeli upande upepo unakotoka, kama mtu anayeegemea ukuta, na unakwenda hivyo hivyo, umepinda, lakini unakwenda. Baada ya dakika kumi nilianza hata kujisikia fundi. Dharuba ikija naongeza pembe, ikipungua naipunguza. Nilikuwa nimeshika usukani kwa vidole tu, maana nilishasoma kwamba ukiukaba baiskeli inakuwa mbishi. Nikawa namtungia Shemeji maneno ya kumwambia atakapofika saa mbili baada yangu.

Lori sikulisikia likija. Hilo ndilo watu hawalielewi, wanasema sikutazama nyuma. Kwenye upepo ule husikii chochote. Masikio yamejaa ngurumo moja tu, mfululizo, kama uko ndani ya debe linaloburutwa. Nililijua lori pale upepo ulipokatika.

Ulikatika wote, mara moja, kama mtu aliyefunga mlango. Na kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa mnyororo wangu. Mnyororo wa Bi Mkubwa, ukilia kik, kik, kik, kila pedali ikipita juu, na nikafikiri, kwa utulivu kabisa, kumbe sikuutia mafuta. Saa tatu za maandalizi na mnyororo sikuutia mafuta. Nikaona turubai lililofungwa kwa kamba ya katani, fundo lake moja limelegea na ncha inachezacheza. Nikaona nati za gurudumu, zina kutu ya rangi ya machungwa, moja haipo. Nikaona tope lililokauka kwenye tairi. Hayo yote niliyaona vizuri kwa sababu yalikuwa yanakuja usoni kwangu.

Maana mimi nilikuwa bado nimeegemea. Ukuta umeondolewa, na mimi bado nimeuegemea. Baiskeli ilikuwa inaingia chini ya lori yenyewe, taratibu, bila fujo, na mikono yangu ilikuwa imeshazoea kuamini kwamba kupinda vile ndiyo kwenda sawa.

Sikumbuki kuurudisha usukani. Nitakuwa niliurudisha, kwa sababu niko hapa. Nakumbuka kwamba ukelele uliotoka ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, mwembamba, na nakumbuka tela likipita, refu, refu sana, sekunde mbili, labda tatu. Kisha likaisha. Upepo uliokuwa umezuiwa ukarudi wote kwa mkupuo, na safari hii nilikuwa nimenyooka, sina nilichoegemea, na nikarushwa upande wa pili kama kitambaa kinavyokung'utwa.

Mteremko wa tuta ulikuwa na nyasi. Nilishuka nao kwa kiwiko.

Nilipotulia kichwa kilikuwa chini na miguu juu. Gurudumu la mbele la Bi Mkubwa lilikuwa linazunguka lenyewe hewani, linazungushwa na upepo, polepole, bila haraka yoyote. Majani yalikuwa yamenijaa mdomoni na vipande vya matawi mabichi vilikuwa vinapita juu yangu, vinatoka sijui wapi, na ile harufu ilikuwa imekaza mpaka macho yanatoa machozi. Sijui dereva aliniona. Nadhani hapana. Kama lingekuwa ni kosa lake ningemlaumu kwa furaha.

Mengine ni mafupi. Nilikaa pale pale chini ya tuta, upande usiofikiwa na upepo, mbali na nguzo na nyaya, baiskeli nimeilaza, mpaka karibu saa moja usiku. Kalavati lilikuwa karibu na lilinivuta sana, ila mvua ilikuwa inakuja, na kalavati ni njia ya maji. Ilipokuja koti la kubana lilifanya nililosema litafanya. Halafu nikatembea. Kilomita kumi na nne, nikiikokota kwa mkono mmoja, mimi upande upepo unakotoka na Bi Mkubwa upande wa pili asije akanikumba, uma wa mbele umepinda kiasi kwamba kila mzunguko alikuwa ananipigia saluti.

Shemeji alifika asubuhi yake. Mti ulikuwa umelala njiani, mbele yake kama urefu wa uwanja wa mpira, akageuka, akakuta mwingine nyuma, akalala kwa watu asiowajua. Nguo zake zilikuwa kavu. Aliangalia kiwiko, akaangalia uma wa Bi Mkubwa, akasema, "Malori, siyo?" Nami nikamwuliza, "Na miti?" Mpaka leo mazungumzo hayajavuka hapo. Yeye anasema njia yake ilimlaza kitandani na yangu ikanilaza mtaroni. Mimi nasema miti miwili, Shem, mmoja mbele na mmoja nyuma, hebu piga hesabu ya dakika. Kila mmoja ana wasikilizaji wake.

Miezi baadaye nilisoma habari za Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye mwaka 1805 alianza kuupanga upepo kwa madaraja, 0 mpaka 12. Hakuwa anapima kwa chombo. Alikuwa anatazama upepo unaifanya nini merikebu. Baadaye wengine wakaongeza dalili za nchi kavu. Daraja la 6, matawi makubwa yanatikisika na mwavuli unasumbua. La 7, mti mzima unayumba. La 8, kilomita 62 hadi 74 kwa saa, vijiti vinavunjika mitini na kutembea kunakuwa kazi. Nilipofika hapo nilirudia mstari. Vijiti vinavunjika mitini. Kumbe sikuhitaji simu wala ile namba nyembamba. Pale njia panda upepo ulikuwa unaniambia daraja lake puani, nami nikausifu kwamba unanukia vizuri.

Au labda ningejua na bado ningepanda tutani. Sina hakika. Nilikuwa nimetumia saa tatu kufunga mikanda kwa uzi. Mtu akishafanya kazi yote hiyo anataka aione ikitumika.

Jirani anapunguza matawi kwa sababu tangazo limetoka tena. Kesho mchana, 38, na pembeni yake, nyembamba, 65. Shemeji kanitumia ujumbe tangu saa nne: "Shem, kesho vipi?"

Sijamjibu. Mnyororo nimeutia mafuta, na kiti nimekiteremsha vidole viwili.