Mizinga ya Sikonge: mwaka huu tunauza kwa mzani

Mwishoni mwa Mei

Mvua zimekata, tumeanza kukagua mizinga ya nyuki. Kwetu Sikonge, mkoani Tabora, huu ndio msimu mkubwa wa asali. Mdogo huja kuelekea mwisho wa mwaka. Baba ana mizinga yake ya magogo juu kabisa ya miti. Mimi nina ya mbao yenye viunzi, anayoiita masanduku. Juzi kaniomba sanduku moja. Nimempa bila maneno.

Nyegere kaangusha mzinga mmoja na kuukomba wote. Iliyobaki nimeining'iniza kwa waya, iyumbe hewani mbali na shina, akose pa kushika.

Juni, kurina

Tunarina jua likizama. Shemeji alizoea kienge cha moto, lakini kienge huunguza nyuki, asali ikanuka moshi, na cheche moja ikidondoka kwenye nyasi kavu msitu unakwenda. Sasa ni bomba la moshi na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Unapuliza kidogo mlangoni, unasubiri, muungurumo unashuka.

Kazi yenyewe iko kwenye sega. Ukinyanyua kiunzi taratibu unaliona: juu vyumba vimefunikwa kwa nta nyeupe, chini kuna majana, yaani watoto wa nyuki. Yenye majana narudisha. Asali iliyofunikwa nakata, nikiacha kipande chembamba juu ili wajue pa kuanzia kujenga. Ile ambayo bado iko wazi ina maji mengi, itachacha ndooni, kwa hiyo inakaa ndoo yake na inaliwa nyumbani. Watoto hawalalamiki.

Dada anachuja kwa kitambaa safi, usiku kucha, bila kuchemsha. Tumepima kwa kifaa cha unyevu tulichoazima: asilimia 18. Kikomo cha kimataifa ni 20, kwa hiyo tuko salama.

Julai

Dalali kaja na ndoo yake ya lita 20, na bei yake ya ndoo. Nikaweka mzani.

"Mzani wa nini tena, bosi? Asali si inapimwa kwa ndoo?"

Lita moja ya asali ina karibu kilo 1.4. Ndoo hiyo ikijaa ina kilo 28, na hapa kijijini wengi tumekuwa tukiuza kama vile ni 20. Nikamwandikia hesabu kwenye karatasi. Akampigia baba simu palepale, baba akamwambia, "Malizana na mwenye asali." Akaondoka mikono mitupu.

Mama hakufurahi, na ana hoja: shule zinafunguliwa na ada haisubiri mzani. Tulibishana jioni nzima. Dalali akarudi, akakubali ndoo chache kwa kilo, kwa bei iliyo chini ya ile niliyotaka. Nimeuza, ada imelipwa. Zilizobaki anauza dada, ambaye anajaza chupa mpya za nusu kilo. Chupa zilizokwisha kubeba pombe nimezikataa, hata zikioshwa vipi.

Wateja wawili wamerudisha asali iliyoganda wakidai tumetia sukari. Asali safi huganda, baridi ya Julai ikizidi ndiyo kabisa. Tumewaonyesha namna ya kuitumbukiza chupa kwenye maji ya vuguvugu, na dada sasa anawaeleza wanunuzi kabla hawajalipa. Mteja mmoja kachukua zake, mwingine kataka pesa, kapewa.

Sasa hivi

Machicha ya masega tunayayeyusha kwa maji ya moto kwenye sufuria ya aluminiamu. Ya chuma huifanya nta kuwa nyeusi. Nta inaelea, ikipoa inatoka bonge zima la njano. Nusu tunauza. Nusu ni ya kupaka kwenye viunzi vya mizinga mitupu, iwe imetundikwa kabla makundi hayajaanza kutafuta makazi. Barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya kuombea alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, inafuatiliwa na dada. Mimi nina mizinga ya kutundika, na baba kesha chagua mti wa kuweka sanduku lake.