Buku tano ya mpiga besi

Mwishoni mwa 2014, sarafu za jero, yaani mia tano, ndo zimeanza kuingia mtaani badala ya noti, kuna baa moja pale Kirumba, Mwanza, sio mbali na soko la Mwaloni ilikuwa na bendi ndogo ya dansi wikiendi. Watu watano tu: solo, ridhim, besi, drams na mwimbaji. Kiingilio hakuna, unanunua kinywaji unakaa. Mwenye baa alikuwa anawapa kiposho ambacho ukigawa kwa watano kinaishia kwenye nauli na chipsi, kwa hiyo hela ya kutunzwa na wateja ndo ilikuwa mshahara wenyewe.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mbalamwezi. Wa Mwanza mnajua, dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwaka taa hazifui dafu, basi vijana wa ziwani wote wako nchi kavu na wana hela. Baa ilijaa mpaka watu wamesimama nje. Mwimbaji alikuwa anaijua kazi yake, anamtaja mtu kwa jina na kwao, Ukerewe, Sengerema, na ukishatajwa huwezi kubaki umekaa, unanyanyuka na buku, noti ya elfu moja, unambandika kwenye paji la uso, jasho linaishika. Kuna kijana alikuja na ile sarafu ya jero, akabandika, ikadondoka, akabandika tena, ikadondoka, mwisho akamwekea kiganjani. Mimi noti ile ya mia tano niliipenda sana kwa sababu hata asiye na kitu alikuwa anaweza kwenda kutunza kifua mbele.

Sasa sebene limekolea, akanyanyuka mama mmoja wa kitenge, mfanyabiashara wa dagaa, buku tano mkononi. Mwimbaji akainamisha kichwa kabisa. Mama akampita! Akaenda mpaka nyuma kule gizani kwa mpiga besi, mzee mmoja amekalia kreti la bia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," mzee anaitikia vidole havijaacha nyuzi.

"Hii ni ya kwako peke yako, wewe ndo unanichezesha."

Akaikunja akamtumbukizia mfuko wa shati, maana mikono ya mzee ina kazi, na sijui kwa nini wengi wetu hatukuwahi kuliona hilo, kwamba mwimbaji anaweza kupokea ila mpigaji hawezi mpaka umfuate. Baada ya hapo watu wakaanza kuzunguka nyuma, drams akawekewa, ridhim akawekewa, na mwimbaji kwa uungwana wake akaanza kuwataja wenzake mmoja mmoja. Ule wimbo ulirefushwa mpaka basi.

Wakati wanakunja waya nikamfuata mzee kumpongeza. Akanionyesha gitaa, nyuzi zimeshakuwa nyeusi, akasema huwa anazichemsha kwenye sufuria zitoe uchafu zilie tena, kwa sababu seti mpya ya besi ni ghali na hela ya mbele huwa haimfikii. "Hii ya mama naenda kuanzia kuchanga nyuzi," akasema.

Siku hizi watu wanatunza kwa simu, namba imebandikwa kwenye spika, na mimi kabla sijatuma lazima nimuulize mtu wa bendi: hii ni ya nani, ya bendi au ya mwimbaji? Na mpiga besi yeye anatumiwa wapi?