Barua Isiyo na Sahihi

Juzi keateka alibandika karatasi getini: "Wapangaji wote mnaarifiwa kwamba kutokana na sababu zisizoepukika, huduma ya maji itaathirika kwa muda." Kitinda mimba wangu, ambaye siku hizi hapiti maandishi bila kuyasoma, alisimama hapo akasoma yote kwa sauti, kisha akanigeukia. "Mama, kwani tuchote ama tusichote?"

Tulichota. Tukajaza mitungi yote na beseni la kuogea. Lakini swali lile lilinirudisha chuoni ninakofundisha, ghorofa ya pili, darasa la vijana wanaosomea ufundi wa stima, na kwa yule kijana wa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda hapa Nairobi.

Ilikuwa Aprili, mvua kubwa kila jioni. Somo ni lile lile la stadi za mawasiliano, ambalo vijana wa ufundi hulivumilia tu wakingoja kurudi karakana. Mtaala wake ni wa Kiingereza, ila wiki hizo niliwaachia waandike kwa Kiswahili, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na nilitaka wajue kwamba mwananchi anaweza kuiandikia ofisi kwa lugha anayotumia kulalamika nyumbani. Niliwapa kazi moja: chagua jambo la kweli linalokusumbua mtaani. Mwandikie jirani. Kisha iandikie ofisi inayoweza kulitatua. Kisha mwandikie fundi mwenzako.

Kijana huyu alichagua sambaza. Mnaoishi huko mnazijua, zile nyaya za kuunganishwa kienyeji zinazopita juu ya mapaa. Akasimama mbele kusoma tangazo lake kwa majirani:

"Wakazi wote wanaarifiwa kwamba kumebainika hitilafu katika uunganishaji wa nyaya za umeme, hali inayoweza kusababisha kupita kwa mkondo katika kuta za mabati na hivyo kuhatarisha maisha. Wakazi wanashauriwa kuchukua tahadhari zinazofaa."

Sarufi haikuwa na doa. Darasa likapiga makofi.

Mama Chapati alikuwa mlangoni. Alikuwa amepanda kuchukua vikombe vya chai ya saa nne, kama kawaida yake, unga umemkauka kwenye viganja hadi vifundoni. Naye ni wa Mukuru. Hakuingia, hakutoka. Alisubiri makofi yaishe, akasema, "Hebu soma tena hapo mwisho."

Kijana akasoma tena. Tahadhari zinazofaa.

"Sasa unataka nifanye nini?"

Hakuna aliyecheka. Hakuwa akimkosoa, alikuwa anauliza kweli. Jioni hiyo angerudi kwenye nyumba ya mabati, na mvua ilikuwa inakuja. Kijana akatazama karatasi yake muda mrefu kana kwamba jibu limo, kisha akaiweka juu ya meza na kumtazama mama mwenyewe.

"Mama, ule waya mnaoanikia nguo kule nyuma ya choo, umefungwa kwa mabati."

"Ndiyo."

"Sambaza inapita juu ya hayo mabati, na mpira wake umeliwa. Mvua ikinyesha, ukuta wote una stima, hata huo waya wa nguo. Ukishika nguo mbichi, stima inapita kwako."

"Hata nikivaa malapa?"

"Malapa yakilowa hayasaidii, mama."

Akahamisha vikombe kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Na mtoto akinaswa, si nitamvuta?"

"Usimguse!" Alisema kwa nguvu hadi yeye mwenyewe akashtuka. "Usimguse, mama. Zima stima kwanza. Kama huwezi, tafuta mti mkavu, umsukume nao mpaka aachane na ukuta."

Mama Chapati alinyamaza kidogo. "Hayo ndiyo uandike, mwanangu," akasema, na akaondoka na vikombe vyake.

Kijana hakurudi kwenye kiti. Aliinama palepale mezani kwangu akaandika, na nilichopata kusoma juu ya bega lake ninakikumbuka hadi leo:

"USIANIKE NGUO KWA WAYA ULIO NYUMA YA CHOO. Mvua ikinyesha, usishike mabati. Mtu akinaswa na stima, usimguse kwa mkono: zima stima, ama msukume kwa mti mkavu. Waambie watoto leo."

Lile "leo" la mwisho hakufundishwa na mtu.

Barua ya ofisi ilipaswa kuwa rahisi. Vijana hawa wanatoka sekondari wakiwa wamekariri sura za insha, maana swali la kwanza la karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni la lazima, na miaka minne huzungushwa humo: anwani mbili, tarehe, KUH (yaani "kuhusu"), wako mwaminifu. Hilo silidharau. Ofisi inahitaji umbo, kwa sababu anayesoma hakujui na ana rundo mbele yake. Ukali wa tangazo la jirani haumsaidii. Anataka kujua transfoma iko wapi, waya umelegea kuanzia nyumba ipi, tangu lini, na wewe unaomba nini. Kijana alijaza yote hayo vizuri. Ripoti yake kwa fundi mwenzake ilikuwa nzuri zaidi, mistari sita na mchoro.

Kisha akaniletea barua ikiwa haina sahihi.

"Mwalimu, nikitia sahihi hapa, kesho nitalala wapi?"

Anayeuza sambaza alijulikana. Alikusanya pesa kila mwezi nyumba kwa nyumba, na mama yake kijana alikuwa mmoja wa waliolipa, kwa sababu cherehani yake ilitegemea stima hiyo. Kampuni ya umeme ikija, itakata nyaya zote. Watu wa ploti nzima wangebaki gizani, na mwenye nyaya angeuliza nani ameandika.

Niliwaachia darasa. Mmoja akasema atie "Mkazi Mwenye Kujali". Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi masjala akasema barua isiyo na jina huishia chini ya nyingine zote. Mwingine akasema ipelekwe kwa mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa, iende kwa jina la wakazi. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kengele ikalia tukiwa bado tunabishana.

Siku iliyofuata alinirudishia barua ile ile, bado bila sahihi, lakini ameongeza sentensi moja kabla ya "wako mwaminifu": "Tunaomba mtuletee mita kabla ya kukata nyaya." Kwa sentensi hiyo barua iliacha kuwa ya kushtaki majirani ikawa ya kuwaombea, na hata mama mwenye cherehani angeweza kusomewa bila kukasirika. Nilimpa alama zote, pamoja na ile ya sahihi.

Mwalimu mwenzangu aliyepitia karatasi zangu alizungushia nafasi ile kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza alama hii imetoka wapi. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, ni mtu mzuri, kisha akasema kwamba siku ya mtihani wa nje mimi sitakuwepo kumwelezea msahihishaji habari za Mukuru, na kijana atapoteza alama kwa jambo nililomzoeza. Sikuwa na jibu la haraka, na hoja yake ingali na uzito kwangu.

Tangazo lilibandikwa ploti tatu. Kijana aliniambia akina mama walihamisha kamba za nguo, wakanunua za manila. Barua aliikabidhi mzee wa Nyumba Kumi, naye akaipeleka kwa jina la wakazi. Muhula ukaisha, kijana akaenda atachimenti, mafunzo ya kazini, Industrial Area.

Walimu wenzangu mnaosahihisha barua rasmi msimu huu: ingefika kwenu vile alivyoniletea mimi, kila kitu mahali pake na nafasi ya sahihi tupu, mngempa ngapi?