Ukuta Hauhitaji Ufunuo

Mahubiri yaliyozua mambo siku ile yalijaza kurasa nne, mwandiko safi, na aya ya tatu ilisema hivi: kwa kuwa Mungu ameifanya hekima ya dunia kuwa upumbavu, Mkristo mwenye imani hana haja ya kuhangaika na skuli wala vidonge vya hospitali. Aliyeandika alikuwa kijana karani, aliyesoma kutupita sote. Tulikuwa darasa la wahubiri walei pale Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, Jumamosi moja ya Kwaresima, na kila mmoja alipewa 1 Wakorintho 1:18-31 aandae maneno ya dakika kumi.

Mwalimu wetu alikuwa katekista mzee, na siku za kazi alikuwa fundi mwashi. Si mwashi wa matofali. Wa mawe na chokaa, wale ambao Mji Mkongwe sasa unawatafuta kwa tochi. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu, umeanzia mstari wa kumi na nane. Barua haianzii hapo. Hebu rudi nyuma."

Akatueleza. Ukianzia wa 18 utadhani Paulo anagombana na elimu. Ukianzia wa 10 utaona anagombana na makundi. Watu wa nyumbani mwa Kloe wamemletea habari kwamba huko Korintho kila mtu ana mhubiri wake wa kujivunia: mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa. Huyo Apolo, Matendo 18:24 inasema, alikuwa mzaliwa wa Iskanderia, mtu wa elimu. Korintho nayo ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekaya na Kenkrea. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha Julius Caesar akaufufua mwaka 44, bado kabla ya Kristo, na kupeleka huko walowezi ambao wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru. Kwa hiyo ni mji wa watu waliopanda cheo juzi juzi na hawataki kukumbushwa walikotoka. Ufasaha wa msemaji ulikuwa ngazi mojawapo ya kupandia.

Tukasoma sura ya 1 hadi ya 4 kwa sauti, kwa mkupuo, penseli mkononi. Kila penye neno hekima tulipiga mstari na kuandika pembeni: ya nani, na inafanya nini? Njia hii naitumia mpaka leo na sijaona inayoishinda. Tulipofika 3:10 mzee akainua mkono tusimame. Paulo anasema, "mimi, kama mkuu wa wajengaji mwenye hekima, naliuweka msingi." Kumbe mtu yule yule aliyeiponda hekima sura mbili nyuma anajisifia hekima ya fundi. Mzee akaongeza Kutoka 31, Bezaleli aliyejazwa roho ya Mungu, na hekima, ili achonge mawe na kufanya kazi ya dhahabu na fedha. Akaongeza Isaya 28, mkulima anayejua kwamba kunde na mtama havipurwi kwa namna moja, kwa sababu Mungu wake amemfundisha. (Isaya ametaja mbegu nyingine, bizari na jira, mzee alipenda kuwasogezea watu maandiko karibu na shamba lao.)

Kisha akatutoa nje, tukaingia kichochoroni kwenye nyumba aliyokuwa akiikarabati. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, na miaka ya nyuma mtu ameupaka saruji juu. Akaigonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa imeachana na ukuta, ndani uwazi mtupu. Akabandua kipande: nyuma yake chumvi nyeupe, na uso wa jiwe umetoka nao.

Matumbawe hunyonya maji kutoka chini, na maji hubeba chumvi. Chokaa huruhusu ukuta kupumua, unyevu ukatoka. Saruji ni ngumu, inauziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka inaanguka, tena na nyama ya jiwe. Ncha za boriti zilizomo ukutani nazo huoza. Dawa yake ni kubandua saruji yote kwa tindo na nyundo ndogo, bila papara. Unaacha ukuta ukauke, unausugua chumvi kwa brashi kavu. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kukaa shimoni miezi. Debe moja kwa madebe matatu ya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani. Unarowesha ukuta, unapaka tabaka jembamba la sentimita moja hivi, unaning'iniza magunia mabichi juu yake, maana chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa, na ikipigwa jua siku ya kwanza hupasuka nyufa kama utando wa buibui.

"Kazi hii haihitaji ufunuo," akamwambia kijana. "Inahitaji chokaa na subira. Na mtoto mwenye homa anahitaji kupimwa malaria. Ukimnyima kipimo kwa jina la Paulo, umemsingizia Paulo."

Kijana akauliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo kooni: basi hekima ya dunia inakomea wapi?

Mzee akaturudisha kanisani. Tulipopita ubatizoni, kwenye zile nguzo ambazo waongozaji huwaambia watalii kwamba mafundi walizisimamisha juu chini Askofu Steere, aliyelijenga kanisa hilo, alipokuwa safarini, mmoja wetu akataka kuzitolea mfano. "Zimebeba. Ziache," akasema, akapita. Alisimama mbele ya madhabahu, kwenye duara la marumaru linaloonyesha mahali pa mti wa kuwachapia watumwa. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa kwa mkataba wa Juni 5, 1873 uliotiwa saini na Seyyid Barghash, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria za Zanzibar hadi 1897.

"Waliofanya biashara hapa hawakuwa wajinga," alisema. Walijua kaskazi inaingia lini na kusi inaanza lini, jahazi gani litahimili. Walijua kukopesha misafara ya bara na kulipwa kwa pembe na kwa watu. Walijua kukagua meno na misuli. Hesabu zao zilikaa sawa, ila katika daftari binadamu aliandikwa pamoja na pembe na karafuu, na hakuna hesabu iliyokataa. Akatusomea 1:28: Mungu alichagua vilivyodharauliwa, "naam, vitu ambavyo haviko." Kisha akatukumbusha kwamba kwa Warumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, raia wa Roma kwa kawaida hakusulibiwa. Kumhubiri Mesiya aliyesulibiwa, mbele ya Wakorintho waliokuwa wakikimbia asili yao ya utumwa, kulikuwa kumweka Mungu upande wa yule aliyefungwa kwenye mti. Huo ndio upuzi Paulo anaouzungumzia. Hakuna shahada inayokufikisha hapo, wala ujinga haukufikishi.

Alitukataza jambo moja kwa ukali: tusipatumie mahali pale kuwasimanga jirani zetu Waislamu. Meli za Wareno na Waingereza zilivusha watumwa baharini zikiwa na Biblia ndani. Mhubiri anayetumia andiko kumpiga mwingine amkumbuke Elifazi, yule rafiki wa Ayubu. Ule msemo wa 3:19, "Yeye ndiye awanasaye wenye hekima katika hila yao," ni wake, Ayubu 5:13, alioutumia kumpiga mtu aliyefiwa na watoto. Na katika 42:7 Mungu anamwambia hakunena yaliyo sawa. Paulo ameuchukua msemo na kuwageuzia wenye kujivuna.

Kijana akaandika upya. Aya ya skuli na vidonge ikatoka. Mahali pake akaweka 11:21, walioshiba mezani pa Bwana huku wengine wana njaa, na 6:5, pale Paulo, akiwaaibisha ndugu wanaoshitakiana mahakamani, anapouliza kama hakuna kwao mwenye hekima hata mmoja wa kukata maneno ya ndugu zake. Jumapili aliyopangiwa akayahubiri, akasoma 6:5 mara mbili.

Kwenye viti vya mbele walikuwepo wazee wawili wa kanisa wenye kesi ya kiwanja iliyokuwa Vuga mahakamani. Baada ya Misa mmoja alimfuata Mwalimu mlangoni, akalalamika kwamba mtoto yule amemsema hadharani.

"Alikutaja jina?" Mwalimu akauliza.

"Hakunitaja."

"Basi kasoma vizuri."

Mzee yule wa kanisa hakumsalimia kijana hadi Pasaka.