Namba za njano kwenye pampu, na kichwa changu kigumu

Juzi usiku kuna dogo kanipigia simu, ana miezi miwili tu hapa Aurora, pembeni ya Denver, jimbo la Colorado huku Marekani, kanunua kagari kake ka kwanza, Corolla ya 2009, sasa yuko sheli kashika mpira wa mafuta jasho linamtoka na baridi yote ile, "kaka, hapa kuna namba kibao, nibonyeze ipi?" Nikacheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Wala sikuwa namcheka yeye, nilikuwa najicheka mimi, maana mimi hata kuuliza sikuuliza, na ndo maana leo nina cha kuandika.

Nyumbani swali hilo halipo. Unaingia sheli pale Arusha, unashusha kioo, "weka ya elfu thelathini", unachungulia pampu ianzie sifuri, unachunga asije akakupiga dizeli, imeisha hiyo. Petroli ni petroli. Huku Colorado hakuna wa kukuhudumia, unashuka mwenyewe, upepo wa milimani unakukata masikio, unachomeka kadi halafu pampu inakukodolea vibandiko vya njano vyenye namba nyeusi, 85, 87, 91. Majimbo mengine ukienda utakuta 87, 89, 93, hii 85 ni ya huku kwenye milima ya Rocky, Colorado, Utah, Wyoming na majirani zao. Na kila namba na bei yake. Sasa Mtanzania mwenye dola 200 mfukoni umuonyeshe petroli ya bei tatu, unategemea achague ipi?

Wenzangu kazini walishaniambia, weka 85, hapa wote tunaweka 85. Sawa. Nafika sheli naona pembeni kuna mpira mwingine, wa njano, umeandikwa E85, na bei iko chini kuliko zote, nikajisemea hawa jamaa hawaoni au wanaringa, 85 si ndo hii hii? Nikajaza fulltanki nikaondoka napiga mluzi.

Asubuhi yake, Januari, nje nyuzi 12 chini ya sifuri, nazungusha ufunguo gari inalia tu haishiki. Mara ya nne ikashika lakini inatetemeka kama bodaboda iliyokatika chesisi, nafika mataa ya kwanza taa ya cheki injini hiyo hapo, inaniangalia. Nikaenda kwa fundi mmoja Mmeksiko pale barabara ya Colfax, hakuniuliza hata swali, kafungua kifuniko cha tenki kainama kanusa, halafu akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekula chaki.

Kumbe ile E ni ethano. Pombe. Ile kitu ina ethano kati ya asilimia 51 na 83, inategemea msimu na mahali, na imetengenezewa gari maalum ambazo nyingi zina kifuniko cha tenki cha njano. 85 ya kawaida ni kipimo cha oktani, kitu tofauti kabisa, zinafanana namba tu kama Juma wawili kwenye darasa moja. Ethano ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi ukilinganisha na petroli, kwa hiyo injini inahitaji kumwagiwa nyingi zaidi, kompyuta ya gari yangu ikajitahidi kuongeza ikafika mwisho wa uwezo wake, ikawasha taa. Fundi akasema usiikanyage, kila tenki ikishuka kidogo ongezea petroli ya kawaida mpaka hiyo pombe iishe. Hakunichaji hata senti, aliniomba tu nisiseme kwa watu kwamba yeye ndo fundi wangu.

Basi nikatuma voisi noti kwa anko wangu, fundi wa siku nyingi pale Unga Limited, Arusha. Shikamoo anko, marahaba mpwa, nikamweleza, nikasikia gereji nzima nyuma yake inacheka. Akishamaliza kucheka ndo akanifundisha, na mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko yale. Anasema petroli inatakiwa isubiri cheche. Pistoni inapanda, inabana mchanganyiko wa hewa na mafuta, hewa ikibanwa inapata moto, ukishabonyeza pampu ya baiskeli unaijua hiyo, halafu plagi inapiga cheche na moto unatembea taratibu kutoka pale kwenye plagi kwenda pembeni unaisukuma pistoni chini. Sasa petroli isiyo na uvumilivu, ile iliyoko pembeni huko inalipuka yenyewe kwa joto na presha kabla moto haujaifikia. Milipuko miwili kwenye chumba kimoja. Hapo ndo unasikia injini inagonga, mlio kama mtu katia kokoto kwenye kopo la maziwa anatikisa, na ukiiachia igonge muda mrefu inatoboa pistoni.

Ile namba ya oktani inapima huo uvumilivu, basi. Haipimi nguvu wala usafi wa mafuta. Kuna kimiminika kinaitwa isooktani kimepewa 100, na kingine heptani kimepewa 0 maana chenyewe kinagonga hovyo, petroli yako inapimwa inafanana na mchanganyiko gani wa hao wawili.

Anko mlio ule anaujua kwa sikio maana aliishi nao miaka ile ya chakachua, mnaikumbuka, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye petroli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa bei chee, gari zinagonga mji mzima. Mafuta ya taa oktani yake iko chini sana, hayavumilii kitu. Mpaka 2010 EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama za kugundua yaliyochanganywa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ndo gereji ya anko ikapungua wateja wa aina hiyo (yeye anasema alisikitika kidogo).

Mngedhani baada ya hapo nimeelimika. Thubutu. Mwaka uliofuata nikauza ile gari nikachukua Subaru ya turbo, mtumba, safi, huku Colorado Subaru ni kama Noah za Arusha, kila kona. Ndani ya kidirisha cha mafuta kuna kibandiko kimeandikwa 91. Nikakiona, sisemi sikukiona. Lakini siku ile 85 ilikuwa dola 2.89 kwa galoni na 91 ilikuwa 3.69, tenki langu linakula kama galoni 13, hiyo ni dola 10 na ushee kila nikijaza, nikasema hawa watengenezaji nao wana njama na wenye visima. Nikawa naweka 85 na gari inatembea, sioni tatizo, nikawa najiona mjanja.

Sasa Julai tukawa na harusi Kansas City, tumejazana watu watano, vitenge, masufuria ya pilau kwenye buti, tumeshika barabara ya I-70 kuelekea mashariki, kama kilomita 970 hivi. Tumeondoka Denver mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kule unakoenda ni chini ya mita 300, na joto linazidi kila tukishuka. Katikati ya Kansas nataka kuoveteki lori, nakanyaga, nasikia krrrrr. Nikazima muziki. Shemeji yangu nyuma anauliza kwani kuna jiwe limeingia? Nikakanyaga tena, krrrrr, kokoto kwenye kopo, sauti ya anko ikanijia kabisa.

Shida ilikuwa hivi. Hii 85 ya milimani ina asili yake. Denver hewa ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 83 ya presha ya Tanga au Mombasa, kwa hiyo silinda inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, petroli isiyo na uvumilivu sana ilikuwa inapita bila kugonga. Hiyo hesabu ilipigwa zama za kabureta. Gari za sasa kompyuta inajirekebisha yenyewe, ndo maana vitabu vya gari nyingi vinasema usishuke chini ya 87 popote ulipo, mlimani au bondeni. Na turbo ndo mbaya zaidi kwa sababu inajishindilia hewa yenyewe kwa nguvu, ule wepesi wa hewa ya mlimani inaufuta. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakosea hata nikiwa Denver, sema nilikuwa sisikii. Kwenye bloku ya injini kuna kisensa kama kimaikrofoni, kikisikia injini inagonga kinaiambia kompyuta icheleweshe cheche, injini inaacha kugonga lakini inapoteza nguvu na inakula mafuta zaidi. Zile dola 10 zangu nilikuwa nazilipa upande wa pili bila risiti. Pale Kansas, joto, mzigo na bonde vilipokutana, sensa ikazidiwa. Nikasimama sheli ya kwanza nikamwagia premiamu, ile ya namba ya juu, watu wote garini wananiangalia kimya, mke wangu ndo akasema, si umeandikiwa hapo?

Anko nilipomsimulia akauliza swali zuri, mbona sisi Arusha tuko kama mita 1,400 na Nairobi wako karibu 1,800, juu kuliko huyo Denver wenu, na hatuna hiyo 85? Nikamwambia anko, labda tushukuru.

Na hapo ndo dada yangu wa Hamburg akaingilia kwenye grupu la familia, "nyie Wamarekani mnaweka 85? Huku cha chini ni 95, hayo yenu ni ya kuwashia jiko." Ikabidi nitulie nisome maana kashfa hizo siwezi kuziacha zipite. Kumbe vipimo ni viwili. Kuna RON, petroli inapimwa injini ikiwa haijakazwa sana, na MON, inapimwa kwenye mazingira magumu zaidi, namba inatoka ndogo. Ulaya, Japani na kwetu Afrika Mashariki wanatangaza RON. Marekani wanajumlisha zote mbili wanagawa kwa mbili, ndo ule mwandiko wa R+M pale kwenye kibandiko. Petroli ya 95 ya dada kiwango chake cha chini cha MON ni 85, piga wastani, 90. Kwa hiyo 95 yake ikija huku ingeandikwa 90, na 87 yetu ikienda kwake ingeandikwa kama 91 au 92. Tofauti ipo lakini sio ya jiko. Dada hajajibu mpaka leo, kaweka kidole gumba tu.

Upande wa pili wa ugonjwa huu yuko mzee mmoja Mkongo wa Bukavu nafanya naye kazi bohari, tunamwita Papa. Ana Corolla ya zamani ambayo kitabu chake kinasema 87, yeye kila Ijumaa ya mshahara anaweka 91. Nikamwambia Papa, AAA, chama cha wenye magari hapa Marekani, walipima mwaka 2016 wakakuta gari iliyotengenezewa regula, ile petroli ya kawaida, haipati chochote kwenye premiamu, wakasema madereva milioni 16.5 wametupa dola bilioni 2.1 kwa mwaka hivyo hivyo. Injini yenye kompresheni ya kawaida, isiyobana sana, haiwezi kuutumia huo uvumilivu wa ziada, ni kama kumlipa mlinzi wa getini kwenye nyumba isiyo na geti. Papa akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, akasema, "Gari njo bibi yangu ya pili, nitamupatia esansi ya bei chini?" Kwa wasiojua, bibi kwao ni mke, na esansi ni petroli. Nikaachana naye.

Dogo wa sheli nilimwambia fungua kidirisha angalia ndani, akasema hakuna maandishi, nikamwambia basi angalia kitabu kwenye droo, 87, bonyeza ya katikati, na ule mpira wa njano usiuguse hata kwa bahati mbaya. Na kama siku moja atakuta pampu imeandikwa 88, hiyo ni petroli yenye ethano asilimia 15, serikali yao inaruhusu kwa gari za 2001 kuja juu, yeye ni salama.

Ila wiki hii anko kageuza kibao. Kanitumia picha ya kidirisha cha mafuta cha gari ya mteja, mtumba kutoka Japani, kina kibandiko cha Kijapani, "mpwa, wewe si umesoma, hapa wameandika nini?" Nikakipitisha kwenye programu ya tafsiri ya simu, kinasema premiamu isiyo na madini ya risasi. Kule Japani regula yao inaanzia RON 89 na premiamu 96, yaani injini ile imezoea kula vizuri. Mangapi ya hivyo yanatembea Arusha na hakuna aliyewahi kukisoma hicho kibandiko? Mteja kanunua kichupa cha kuongeza oktani, kimeandikwa pointi 30, anaamini mafuta yake sasa ni mia na ishirini na kitu, nikamwambia anko pointi 10 ndo oktani moja, hiyo ni tatu tu, tena kama kichupa kinasema kweli. Anko akamshauri mteja aweke mafuta kwenye sheli anayoiamini, injini asiiache ipate moto sana, na akifika mlima Kitonga ashushe gia asiilazimishe. Jana usiku kanitumia voisi noti nyingine, mteja ana swali. Anauliza hiyo 91 ya kwetu huku haiwezi kupakiwa kwenye kontena.