Cherehani ya Miguu na Mkopo wa Kausha Damu

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya umma mjini Morogoro. Kwa miaka kadhaa hati yangu ya mshahara ilikuwa na makato mengi kuliko mistari ya malipo: kodi ya mapato, asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 3 ya bima ya afya, ada ya chama cha wafanyakazi, na mwisho kabisa rejesho la mkopo wa benki niliouchukua ili kununua kiwanja na kupandisha kuta za nyumba kule Kihonda. Mkopo huo haukuninyima usingizi, kwa kuwa riba yake ilijulikana na tarehe ya kuumaliza iliandikwa kwenye mkataba. Shida ilianza mdogo wangu alipopata ajali ya bodaboda na kuvunjika mguu. Bima yangu iliwahusu mke wangu, watoto na mama, lakini haikumhusu ndugu niliyezaliwa naye tumbo moja. Niliporudi benki kuomba nyongeza, nilielezwa kwamba makato yalikuwa yamefika ukomo, kwa sababu mtumishi wa umma hapaswi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake.

Kanuni hiyo imewekwa kumlinda mtumishi, na siilaumu. Hata hivyo, mtu mwenye mgonjwa wodini haendi nyumbani kusubiri kanuni ibadilike. Anakwenda kwa wale wanaokopesha bila kuuliza hati ya mshahara, yaani wa kausha damu. Nilikopa shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na dhamana ikawa kadi yangu ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji alitoa laki mbili za riba kabla sijajua kwamba umeingia, kisha akanikabidhi kilichobaki, huku ile milioni ikiendelea kukaa palepale kama siku niliyoichukua. Kwa mwendo huo ningeweza kulipa mpaka nistaafu bila kupunguza hata shilingi moja ya deni lenyewe. Mshahara usingeweza kunitoa hapo. Ilihitajika fedha isiyopita kwenye kadi ile.

Mama alikuwa fundi cherehani Mji Mpya kwa muda mrefu wa maisha yake, na mimi nilikua nikimsaidia kushona vifungo, kupiga pindo na kufumua makosa. Cherehani yake ya miguu ilikuwa bado ipo, imefunikwa kanga chumbani, na ilichohitaji ni mkanda mpya, mafuta na sindano. Nilichagua sare za shule badala ya nguo za mitindo kwa sababu zinajulikana: rangi imeshapangwa na shule, mshono ni uleule, na mzazi haji na picha kwenye simu akitaka gauni lifanane nayo. Umeme ukikatika, cherehani ya miguu haijali, na pasi ya mkaa tulikuwa nayo. Nilimweleza mkuu wangu wa kazi kwamba ningeshona jioni na siku za mapumziko tu, naye hakuwa na kipingamizi mradi vitambaa visionekane masjala.

Sketi ya marinda ndiyo iliyonipa wateja, kwa hiyo nitaieleza. Rinda moja hula kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana, na mafundi wanaobana kitambaa hupunguza kina cha marinda, matokeo yake sketi hufumuka na kubaki kama mwavuli baada ya kufuliwa mara chache. Mama alinisimamia nikate tetroni ya kutosha, nipige alama kwa chaki kila rinda lilipoanzia na lilipolalia, nishikize yote kwa uzi wa mkono kutoka kiunoni hadi chini, kisha nipige pasi juu ya kitambaa kibichi kabla ya kuweka mkanda wa kiuno. Uzi wa kushikizia haufumuliwi mpaka sketi ipoe kabisa. Chini niliacha pindo la inchi tatu, ili mwaka unaofuata mzazi alishushe badala ya kununua sketi nyingine. Pindo hilo lilinitangaza kuliko kibao chochote ambacho ningeweza kuning'iniza barazani, maana akina mama walionyeshana wenyewe, na kufikia Desemba nilikuwa na daftari zima la vipimo. Shati na sketi nilishona kwa ufundi wa shilingi 15,000, kitambaa kikiwa cha mzazi.

Kupata kazi, basi, hakukuwa kugumu kama nilivyodhani. Kigumu kilikuwa kuifikisha fedha kwenye deni. Mteja anafika jioni, anasifia kazi, anakunja sketi na kuitia mkobani, ndipo anasema, "Fundi, nitakumalizia mwisho wa mwezi." Ni jirani, mtoto wake anasoma na wa kwangu, na huwezi kumpokonya sketi mkononi. Baada ya majira ya kwanza niligundua kwamba mimi, niliyekuwa nikilipa riba ya asilimia 20, nilikuwa nimewakopesha watu wa mtaa mzima bila riba yoyote. Mke wangu ndiye aliyekata shauri: yeye akashika daftari na fedha, mimi nikabaki na mkasi. Hakuna kitambaa kilichokatwa kabla ya nusu ya malipo, na hakuna nguo iliyotoka kabla ya nusu ya pili. Mteja akinililia hali, nilimwelekeza kwa shemeji yake, na nilijifunza kwamba watu wanaoweza kumbembeleza fundi kwa saa nzima hawana la kusema mbele ya mwanamke mwenye daftari. Wachache walinuna. Wengi walirudi.

Fedha ya cherehani haikununua unga wala kulipa umeme wa nyumbani. Hili lilitusumbua zaidi ya yote, kwa sababu mwezi unapokuwa mrefu na kwenye kopo kuna laki tatu, kila mtu ndani ya nyumba anazijua. Tuliishi kwa kilichobaki cha mshahara kana kwamba cherehani haipo. Uzi, vifungo na zipu vilinunuliwa kwa fedha ya cherehani yenyewe, na iliyobaki ilikuwa na mwenyewe tayari.

Januari, shule zilipofunguliwa, nilikwenda kwa mkopeshaji na laki nne. Alizikataa. "Kaka, hapa hatupokei nusu," alisema, "lete milioni yote au endelea na riba." Bila shaka kwake mteja mzuri ni yule asiyemaliza. Sikubishana naye siku hiyo. Nilikwenda halmashauri kwa ofisa anayeshughulikia huduma za fedha, nikaelezwa kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu anayekopesha kwa biashara lazima awe na leseni, na kwamba naweza kuiomba niione. Nilirudi na laki nne zilezile, nikaomba kwa adabu kuiona leseni pamoja na mkataba wangu. Mazungumzo yakawa mengine kabisa. Alikubali kupokea laki nne kama sehemu ya mkopo wenyewe, akaandika stakabadhi, na riba ya mwezi uliofuata ikahesabiwa kwenye laki sita zilizosalia, yaani 120,000 badala ya 200,000. Ile tofauti ya 80,000 niliyoanza kuipata ndani ya mshahara nayo tuliitia kwenye kopo.

Baada ya msimu wa shule, sare zilipungua, na hapo nilikubali kazi ambayo nilikuwa nimeikwepa, yaani vitenge vya sherehe. Kamati ya harusi ikichagua kitenge, wanawake ishirini wanahitaji nguo kwa siku moja, na wote hulipa kwa sababu hakuna anayetaka kukosa sare ya ukumbini. Ni kazi ya kelele, na kila mmoja anataka shingo ya aina yake, lakini malipo yake hayacheleweshwi. Kazi mbili za namna hiyo, moja ya send-off na nyingine ya harusi yenyewe, pamoja na nguo za Idi, zilikamilisha laki sita. Siku niliyorudishiwa kadi nilipitia benki kwanza nikabadilisha namba ya siri, kisha nikakaa pembeni nikisoma taarifa ya akaunti yangu mstari kwa mstari, kuhakikisha kwamba hakuna kilichotolewa zaidi.

Watu huniuliza kwa nini sikuendelea kwa kasi hiyohiyo na mkopo wa benki. Nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu, tukaona riba yake kwa mwaka mzima haifikii ile niliyokuwa nikilipa kausha damu kwa miezi michache, na rejesho lake linakatwa kabla ya mshahara kunifikia, kwa hiyo tuliuacha umalizike kwa tarehe yake. Fedha ya cherehani sasa inanunua vitambaa. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, naweza kwenda Kariakoo Jumamosi asubuhi, kununua jora la tetroni kwa bei ya jumla na kurudi jioni, kisha mzazi ananunua sketi iliyokamilika badala ya kuniletea kitambaa, na faida ya kitambaa inabaki kwetu. Mdogo wangu, ambaye mguu wake umepona ingawa hawezi tena kuendesha bodaboda, ndiye anayekaa kwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanuke, tuliyoinunua kwa fedha taslimu, naye hulipwa kwa kila nguo.