Kompresa haikuwa imekufa

Jumapili usiku umeme ulikatika huku Tabata, Dar es Salaam, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukaja na nguvu hadi taa ya sebuleni ikawaka kama ya uwanja wa mpira. Asubuhi nafungua friji nitoe maziwa. Taa ya ndani inawaka vizuri, ila nyuma kimya, na vibua nilivyonunua Feri vimeshaanza kulegea.

Friji lenyewe halijafikisha miaka mitatu, ni haya ya inverter, ambayo kasi ya kompresa inapanda na kushuka kulingana na mahitaji. Mlangoni lina stika kubwa ya warantii ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, miaka kumi. Nikapiga simu dukani. Wakaniambia warantii hiyo ni ya kompresa peke yake, kadi ya elektroniki inayoiendesha haimo. Na kadi yenyewe hawauzi kipande kipande, unaagiza nzima, laki mbili na themanini, usubiri wiki sita.

Nikamwita fundi wa mtaani. Akaiwekea kompresa kiganja, akatega sikio, akasema: "Dada, hii imeshakufa, na gesi nayo imekwisha." Laki tatu na nusu. Hakutoa hata mita ya kupimia umeme. Alipoanza kuandaa vifaa vya kuchomelea, nikaona mtungi wake umeandikwa R134a, aina nyingine ya gesi ya friji. Nikachungulia kibandiko cha nyuma ya friji: R600a, gramu 52. R600a ni isobutani, ndugu wa gesi tunayopikia, inashika moto. Nikamwambia fundi asubiri kwanza, nikampa elfu tano ya usumbufu.

Mdogo wangu akanielekeza kwa fundi mmoja kijana wa mtaa wa Gerezani. Huyu alikuja na kibegi kidogo tu. Akachomoa waya ukutani, akafungua kifuniko cha nyuma, halafu akakaa. Nikasogea nione, akanizuia: "Usiguse, dada. Hiyo kepasita inabaki na umeme hata ukishachomoa." Baada ya muda akaipima, akaridhika, akachomoa plagi ya nyaya tatu inayoingia kwenye kompresa. Akapima waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Kila mara mita ilisoma namba ile ile. Akapima tena kila waya na chuma cha kompresa, hakuna mgusano. "Kompresa yako nzima."

Ugonjwa ulikuwa kwenye kadi. Kuna kidude cha bluu, bapa, ukubwa wa kifungo cha shati, kilikuwa kimepasuka katikati na kuacha masizi kwenye plastiki. Varista. Umeme wetu ni volti 230. Ukipanda kupita kiasi, varista inaupitisha kwake, fyuzi inakatika, na vilivyo nyuma yake vinasalimika. Ilifanya kazi yake, basi. Varista na fyuzi mpya hazikufika elfu tano, ufundi elfu arobaini. Nilimuuliza kama hawezi kuunga tu kipande cha waya mahali pa fyuzi, maana nimeona wanafanya hivyo. Alinitazama kama nimemtukana.

Watu husema vitu vya siku hizi ni makapi, na mama yangu ni mwenyekiti wao. Friji lake la mwaka 1998 halina kadi, lina thermostati ya kuzungusha na rilei (swichi ya kuwashia kompresa), na limevumilia kila aina ya umeme. (Lakini umeme wake wa LUKU mimi ndiye ninayeununua, kwa hiyo nafahamu linavyoula.) Kwangu mimi, chuma cha friji jipya hakina shida. Shida ni kadi, na spea zake kufichwa. Ulaya, tangu Machi 2021, sheria inawataka watengenezaji wa mafriji wawe na kadi kwa ajili ya mafundi kwa angalau miaka saba baada ya toleo kuacha kuuzwa. Sisi tunasubiri friji la mtu life huko Gerezani tung'oe zake.

Nimenunua friji gadi, elfu thelathini na tano. Umeme ukishuka au ukipanda inakata, na ukirudi haifungui hapo hapo, inahesabu dakika kadhaa kwanza. Wiki ya kwanza mama alikuja kututembelea, umeme ukakatika na kurudi, akasimama mbele ya kitaa chekundu cha gadi akiuliza mbona friji haliwaki. Nikamwambia subiri. Akasema la kwake halisubiri.